Aliyetolewa Kazini Aseme Nini kwa Tajiri Mpya?

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mwenye kuwaruzuku viumbe vyake wote, mwenye kumshukuru na asiyemshukuru. Na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ambaye kabla ya kupewa Utume aliwachungia watu wa Makka kondoo wao kwa ujira, wala hakuona haya kuwasimulia masahaba wake habari hiyo. Ama baada ya hayo:

Ndugu yetu mmoja katika wanaohudhuria darsa ametuletea swali, nasi tumeona tulijibu hapa wala tusimjibu peke yake, kwani wenye haja ya jibu hili ni wengi na wenye kuthubutu kuuliza ni wachache. Yeye ni mtu mzima, ana mke na watoto, na katika miaka michache ametolewa kazini mara tatu. Mara ya kwanza alikuwa katika duka la jumla, akatolewa kwa kuchelewa na kukosa kufika baada ya kuonywa. Mara ya pili alikuwa katika afisi ya kutoa mizigo bandarini, akashika sanduku la fedha, na siku ya hesabu fedha zikapungua. Yeye mwenyewe akiri kuwa alizichukua, lakini asema alizikopa na alikusudia kuzirudisha mwisho wa mwezi. Mara ya tatu alikuwa karani wa ghala, mali ikapotea, akaambiwa siku ile ile atoke, wala hakuulizwa neno wala hakupewa nafasi ya kujitetea, naye aapa kuwa hakuigusa.

Sasa imetokea nafasi ya kazi, na karatasi ya maombi yamuuliza: kazi zako zilizotangulia uliziacha kwa sababu gani? Mkewe amwambia aseme kweli. Rafiki zake wa barazani wamwambia aandike kuwa mikataba ilikwisha, kwani nani atakwenda kuchunguza? Na mtu mwingine amemwambia kuwa haya yote ni nuhusi, nyota yake imefungwa, akaifunguze kwanza ndipo aombe kazi. Yeye atuuliza: lipi katika haya matatu ndilo la haki?

Twaanza na hilo la nyota, kwani ndilo jepesi kulijibu ijapokuwa ndilo gumu kuling'oa katika mji wetu. Sisi hatukanushi kuwa kuna hasadi, wala hatumkatazi mtu kusoma dua na kumwomba Mola wake amkinge na shari ya mwenye kuhusudu. Hayo yamo katika Qur'ani na watoto wetu wayahifadhi kabla ya kujua kuandika majina yao. Lakini Mtume (s.a.w.) alikataza kutabiri mikosi, na akaonya kuwa mwenye kumwendea mpiga ramli akamwuliza jambo, sala zake za siku arubaini hazikubaliwi. Basi tazama hasara ya mtu huyu! Hana mshahara, na chakula cha watoto akipata kwa taabu, kisha fedha kidogo aliyo nayo aipeleke kwa mtu wa kumtazamia nyota, na juu ya hasara ya fedha aongeze hasara ya sala. Tena mwenye kutazamia hatamwuliza ulifika kazini saa ngapi, wala hatamwuliza zile fedha za sanduku umezirudisha. Hiyo ndiyo sababu watu wapenda kumwendea: kwake wapata adui wa kumlaumu, wala hawapati hesabu ya kujihesabu.

Ama sisi twataka kumpa ndugu yetu mizani ya kupimia, na mizani hiyo imo katika kisa cha Nabii Musa (a.s.) katika Sura ya Al-Qasas. Musa alitoka Misri hali ya kukimbia. Alikuwa amempiga mtu ngumi moja na mtu yule akafa, naye akajua kosa lake na akamwomba Mola wake msamaha, na akasamehewa. Lakini wakubwa wa nchi wakashauriana kumwua. Akafika Madyan hana mali, hana jamaa, hana kazi. Kwenye kisima akawakuta wanawake wawili wamezuia wanyama wao wakingoja wachungaji waondoke, naye akawanyweshea. Kisha akarudi kivulini, akamwomba Mwenyezi Mungu kwa kuwa alikuwa mhitaji wa kheri yoyote atakayomteremshia. Mmoja wa wale wanawake akamwendea, akamwita kwa baba yake. Na alipofika kwa mzee yule, Musa alifanya nini kabla ya kuzungumzwa habari ya kazi? Qur'ani yatueleza kuwa alimsimulia mzee habari yake. Hakusema kuwa yeye ni mfanyabiashara aliyepotea njia. Alieleza yaliyompata, na mzee akamtuliza kuwa asiogope, ameokoka na watu madhalimu. Baada ya hapo ndipo binti alipomshauri baba yake amwajiri, akataja sifa mbili za mtu anayefaa kuajiriwa: awe na nguvu, na awe mwaminifu. Mkataba ukafungwa wa miaka minane, na akipenda kutimiza kumi ni hiari yake.

Enyi ndugu, zizingatieni sana sifa hizo mbili. Nguvu, yaani kuiweza kazi kwa mwili, kwa elimu na kwa bidii. Na uaminifu, yaani kukichunga kilichowekwa mkononi mwako. Kazi zote za dunia, tangu kuchunga mbuzi wa Madyan hata kushika hesabu za benki, zasimama juu ya nguzo hizo mbili. Mwenye kuajiriwa huajiriwa kwa hizo, na mwenye kutolewa kwa haki hutolewa kwa kupungukiwa na moja katika hizo.

Na mizani hiyo hiyo alipima kwayo Sayyidna Umar (r.a.) mlangoni pa kutokea. Saad bin Abi Waqqas (r.a.) ni katika masahaba kumi waliobashiriwa Pepo, na ndiye aliyeongoza jeshi la Waislamu katika vita vya Qadisiyya. Umar alimfanya liwali wa Kufa, kisha baadhi ya watu wa Kufa wakamshitaki, hata wakadai kuwa hajui kusalisha vizuri. Umar akamwondoa. Lakini hakuishia hapo. Alimwita, akamwuliza, akamsikiliza. Kisha akatuma watu kwenda Kufa wakaulize habari zake msikiti baada ya msikiti, nao wote wakamsifu, isipokuwa mtu mmoja tu aliyesimama kumtuhumu. Na mwaka wa 23 Hijria (644), Umar alipokuwa amelala na jeraha lililomwua, alimtaja Saad katika watu sita wa kushauriana juu ya Ukhalifa, akausia kuwa atakayechaguliwa, kama si Saad, na amtumie, kwani yeye hakumwondoa Kufa kwa sababu ya kutoweza wala kwa sababu ya khiyana. Na Sayyidna Uthman (r.a.) aliposhika Ukhalifa alimrudisha Saad kule kule Kufa.

Basi tazameni: kutoweza na khiyana ndizo kinyume cha nguvu na uaminifu. Umar alijua kuwa mtu aliyeondolewa kazini hubaki na alama machoni pa watu, na kuwa watu watauliza: ni lipi katika mawili hayo? Naye akamsafisha mwenzake kwa haki kabla ya kufa kwake. Na katika kisa hiki mna faida nyingine, nayo ni kuwa kutolewa kazini peke yake si ushahidi wa ubaya wa mtu. Imempata aliyebashiriwa Pepo, sembuse mimi na wewe.

Sasa ewe ndugu yetu uliyeuliza, keti peke yako baada ya sala ya Alfajiri, na zile kazi tatu uzipime moja moja. Usizikusanye zote ukasema "nimeonewa", wala usizikusanye zote ukasema "mimi sifai kitu". Kusema hayo ni kukimbia hesabu, kwani kila moja katika tatu ina jina lake na dawa yake.

Ile ya kwanza yaitwa kutoweza, nasi twatia uzembe humo kwa kuwa mwenye nguvu asiyezitumia na asiyekuwa nazo ni sawa mbele ya kazi. Dawa yake si kusema "nitabadilika", kwani hayo hata yule tajiri wa duka aliyasikia. Dawa yake ni kuitafuta sababu na kuikata. Ikiwa wakesha barazani hata saa sita za usiku, ukatafuna mirungi, kisha Alfajiri ukapitwa, basi aliyekutoa kazini si tajiri wako. Ni baraza lako. Ikiwa ni umbali wa kazi na kivuko cha Likoni na foleni yake, basi yapasa utoke mapema zaidi au utafute kazi ya upande wako. Ikiwa ni ugonjwa wa mtu nyumbani, hapo ulipasa kumwambia mkubwa wako mapema, wala si baada ya kukosa kufika. Na ikiwa kweli huijui kazi, basi jifunze. Mtume (s.a.w.) aliwaombea umati wake baraka katika mapema ya siku zao, na mwenye kulala mpaka jua kupanda ameiacha sehemu yake ya dua hiyo.

Ile ya pili yaitwa khiyana. Twasema hivi wala hatukusudii kumvunja moyo ndugu yetu, bali twakusudia kumvua neno "kukopa" ambalo amejifunika nalo. Kukopa ni kwa ridhaa ya mwenye mali. Aliyechukua bila ya mwenyewe kujua hakukopa, hata akiwa na nia ya kurudisha, hata ikiwa ni shilingi mia. Na wanavyuoni wametufundisha kuwa tauba ina masharti: kuacha, kujuta, na kuazimia kutorudia, na ikiwa dhambi inahusu haki ya mwanadamu, basi kuna sharti la nne, nalo ni kumrudishia mwenye haki haki yake au kuombwa radhi akasamehe. Kwa hiyo mlango wa kazi yako mpya uko katika afisi ile ya zamani. Nenda kwa yule mtu. Mwambie: nilichukua kadhaa, nataka kulipa, sina zote, nipe nafasi nilipe kidogo kidogo. Huenda akakutukana, vumilia. Huenda akakusamehe, mshukuru Mungu. Lakini siku utakapomaliza kulipa, utakuwa na kitu ambacho rafiki zako wa barazani hawawezi kukupa, nacho ni kuweza kutaja kazi ile bila ya kutazama chini.

Ile ya tatu, ikiwa mambo ni kama ulivyoeleza, yaitwa dhulma, na Muislamu hakuamrishwa kuinamia dhulma. Qur'ani imemruhusu aliyedhulumiwa kuidhihirisha dhulma aliyotendewa. Na sheria ya nchi yetu nayo imempa njia, lakini wengi hawaijui. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yamlazimisha mwajiri anayetaka kumtoa mtu kwa kosa au kwa kutoiweza kazi amweleze sababu kwa lugha anayoifahamu, mbele ya mfanyakazi mwenziwe au mjumbe wa chama cha wafanyakazi atakayemchagua, na asikilize majibu yao kabla ya kukata shauri. Ikitokea kesi, ni juu ya mwajiri kuthibitisha sababu ya kumtoa mtu. Aliyetolewa bila ya haki aweza kupeleka malalamiko kwa afisa wa kazi wa serikali katika miezi 3, na aweza kufungua kesi katika Mahkama ya Ajira katika miaka 3. Baada ya hapo mlango umefungwa. Na Mahkama ikiona amedhulumiwa, yaweza kuamuru alipwe fidia hata kufikia mshahara wa miezi 12. Hata aliyefukuzwa papo hapo kwa kosa kubwa, mshahara wa siku alizokwisha kufanya kazi ni haki yake, wala haushikiwi.

Kuna na fungu jingine ambalo si la kutoweza wala si la khiyana, wala pengine si la dhulma ya mtu mmoja. Reli mpya ya Mombasa na Nairobi ilipofunguliwa mwaka 2017, na makontena yakaanza kupakiwa humo kupelekwa bara, watu wengi wa malori na maghala wa mji wetu walilia kukosa kazi. Na mwaka 2020, serikali iliposimamisha ndege za abiria kutoka nchi za nje kwa ajili ya korona, hoteli nyingi za pwani zilifunga milango. Aliyepunguzwa kwa sababu kama hizo hana la kuona haya. Aandike kama yalivyokuwa. Na ajue kuwa sheria hiyo hiyo yampa malipo ya kupunguzwa kazi, yasiyopungua mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka mzima aliotumikia.

Sasa twarejea kwenye karatasi ya maombi. Aandike nini?

Wanavyuoni wa fiqhi wameuweka mkataba wa kuajiriwa karibu na mkataba wa kuuza. Mwenye kuuza huuza kitu, na mwenye kuajiriwa huuza manfaa ya mikono yake na akili yake. Na Mtume (s.a.w.) alipita sokoni akatia mkono wake katika lundo la nafaka, vidole vyake vikakuta umajimaji ndani yake. Mwenye nafaka akasema kuwa imenyeshewa na mvua. Mtume akamwuliza kwa nini hakuuweka ule ulioloa juu watu wakauona, kisha akatangaza kuwa mwenye kughushi si katika sisi. Basi mwenye kujiuza kwa kazi naye ana lundo lake, na yampasa asiweke kavu juu na bichi chini.

Lakini dini yetu vile vile imeamrisha sitara. Dhambi ambayo Mungu amemsitiri mja wake, haimpasi mja kuifunua kwa kila mpita njia. Basi tufanyeje baina ya amri hizi mbili? Twaona kanuni yake ni hii: kosa linalohusu kile kile utakachowekewa mkononi, usimfiche atakayekiweka, na kosa lisilohusu, nawe umekwisha kulitubia, halikupasi kulitangaza. Aliyelewa miaka ya nyuma kisha akatubu, akiomba kazi ya kufuma mikeka, hana haja ya kusimulia ulevi wake. Lakini akiomba kazi ya kuendesha basi la watoto wa shule, hapo jambo ni jingine. Na aliyechukua fedha za sanduku, akiomba kazi ya kushika sanduku na akauliza mwenye mali kwa nini alitoka, akajibu kuwa mkataba ulikwisha, huyo ameweka nafaka kavu juu.

Na ama uwongo wa wazi, huo haumo katika sitara kabisa. Kunyamaza ni jambo moja, na kusema lisilokuwa ni jambo la pili. Ukiulizwa neno ambalo huna haja ya kulifunua, waweza kusema: "Niliacha kwa kutolewa, nikiitwa nitaeleza mwenyewe." Neno hilo ni kweli, ni fupi, na lina heshima. Na ukiitwa, sema kwa kila kazi maneno mawili matatu, bila ya kulia na bila ya kujitetea kwa marefu. Ya kwanza: "Nilikuwa nikichelewa, nikatolewa, tangu hapo nimebadili mambo kadha wa kadha." Ya pili: "Nilikosea katika fedha, nimekiri na nalipa, kwa hiyo siombi kazi ya kushika fedha, naomba kazi ya mikono mpaka mnijue." Ya tatu: "Nilituhumiwa, sikusikilizwa, na nimepeleka malalamiko." Wala usimtukane tajiri wako wa zamani mbele ya huyu mpya, kwani atajiambia moyoni: kesho nami nitasemwa hivi.

Tena usiende mikono mitupu. Dai cheti chako cha utumishi kwa kila uliyemtumikia. Sheria yamlazimisha mwajiri kumpa cheti hicho kila aliyemtumikia wiki 4 au zaidi, ijapokuwa alimfukuza. Huandikwa humo jina lake na jina lako, siku uliyoanza, kazi uliyofanya na mahali pake, na siku uliyotoka. Wala hailazimu kutajwa sababu ya kutoka. Wengi huona haya kurudi kukiomba, kisha miaka yao ya kazi yapotea kama kwamba hawakuifanya. Na ikiwa katika kazi hizo kuna msimamizi aliyeona mema yako, mwombe awe shahidi wako. Hata duka lile la kwanza huenda mna mtu atakayesema: alichelewa, lakini mkono wake ulikuwa safi.

Twajua tutakaloambiwa. Ndugu yetu atasema: "Nikiyasema hayo nani ataniandika kazi? Watoto wangu watakula ukweli?" Swali hili ni zito, wala hatutaki kulijibu kwa maneno mepesi. Hatumwahidi kuwa kila atakayemwambia kweli atamwandika. Wengine watamfungia mlango, na pengine atarudi nyumbani siku kadhaa bila ya kitu. Lakini na azitazame njia mbili hizi mpaka mwisho wake. Mji wetu ni mdogo. Wenye maduka, wenye maghala na wenye afisi za mizigo wajuana, wakutana misikitini na harusini. Uwongo wa karatasi waishi mpaka siku mtu mmoja atakapouliza simu moja, na siku hiyo atatolewa mara ya nne, na safari hii hatakuwa na la kusema, kwani ushahidi wa khiyana utakuwa umeandikwa kwa mkono wake mwenyewe. Ama aliyeingia kwa kweli, akishapata, hana cha kuogopa. Alala usingizi. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa wauzaji na wanunuzi wakisema kweli na kubainisha, hubarikiwa katika biashara yao, na wakificha na kusema uwongo, baraka hufutwa.

Na mpaka mlango huo ufunguke, asikae. Hapa ndipo penye ugonjwa wetu watu wa pwani, na tusipouambiana sisi kwa sisi nani atatuambia? Mtu ametoka katika kazi ya afisi, basi aona kazi ya kubeba mizigo sokoni, au ya kusukuma mkokoteni wa maji, au ya kuuza samaki kwa kutembeza, kuwa ni aibu kwa mwana wa watu. Lakini kuazima kila siku kwa shemegi haoni kuwa ni aibu! Mtume (s.a.w.) ametufunza kuwa mtu kuchukua kamba yake, akaenda akabeba kuni mgongoni akaziuza, ni bora kwake kuliko kuwaomba watu, wakampa au wakamnyima. Nabii Daud (a.s.) alikuwa mfalme, na alikula kwa kazi ya mikono yake. Tena kazi ndogo ina faida nyingine kwa aliyevunjika jina: ndiyo mahali pa kulijenga upya. Aliyefika gengeni kwa wakati siku 90 mfululizo ana ushahidi mpya, na ushahidi mpya ndio unaofuta wa zamani.

Neno letu la pili ni kwa matajiri, wenye maduka na afisi, na wengi wao wasali nasi safu moja. Enyi ndugu, mkimtoa mtu, mtoeni kama Umar alivyomtoa Saad: mwiteni, mwulizeni, chunguzeni, na mkijua kuwa hakutoka kwa kutoweza wala kwa khiyana, semeni hivyo kwa ulimi na kwa maandishi. Mpeni cheti chake na mshahara wake kabla jasho lake halijakauka. Wala msinyamaze mkiulizwa habari zake na huku mwajua mema yake, kwani kunyamaza huko kwaweza kuwanyima chakula watoto ambao hawakukosa kitu. Na akija kwenu mtu aliyetolewa mahali pengine, akawaambia kweli, msimfanye ajute kwa kusema kweli. Sheria yawaruhusu muda wa majaribio, kwa kawaida usiozidi miezi 6. Mwekeni katika kazi isiyo na sanduku, mtazameni. Tajiri anayemfukuza msema kweli mlangoni na kumkaribisha mwongo, kisha akalalamika kuwa vijana wa leo si waaminifu, na ajilaumu mwenyewe.

Na neno la tatu ni kwa sisi sote wa mitaani. Mtu akitolewa kazini, habari hufika barazani kabla yeye hajafika nyumbani. Wako wasemao "tulijua", na wako wasemao "ana mkosi, usimkaribie". Mnajua maneno hayo yafanya nini? Yamfunza mtu kuwa kweli haina faida, kwa kuwa amekwisha kuhukumiwa. Ndipo huanza kuvaa kila asubuhi akatoka kama kwamba ana kazi, akazunguka mjini mpaka jioni, mkewe asijue. Kama mna ulimi, utumieni kumtajia nafasi mliyoisikia. Kama mna fedha, mkopesheni mtaji wa biashara ndogo, wala msimtangaze. Na kama hamna hili wala lile, mpeni salamu kama mlivyokuwa mkimpa alipokuwa na mshahara.

Basi hukumu yetu katika swali ni kuwa mke wa ndugu yetu ndiye aliyemwambia haki, na lau ushauri wa nyumbani ungesikilizwa zaidi kuliko ushauri wa barazani, mambo mengi yangetengenea. Musa (a.s.) aliingia kazini Madyan kwa kueleza habari yake, naye alikuwa na la kueleza zito kuliko la kuchelewa dukani. Jipime kwa nguvu na kwa uaminifu; tengeneza kilichovunjika; dai haki yako iliyoliwa; sema kweli kwa heshima; na usidharau kazi ya halali. Ukishafanya hayo, mtegemee Mwenyezi Mungu, kwani ndege nao hutoka asubuhi na njaa na kurudi jioni wameshiba, lakini hutoka, hawangoji kiotani.

Ewe Mola wetu, tutosheleze kwa halali yako tusihitaji haramu yako, warudishie waliodhulumiwa haki zao, wape wenye kutubu nguvu ya kurudisha walichokichukua, na uwafungulie wenye kutafuta milango ambayo hawakuitazamia. Amin.